Ikikosa Mwenzake, Ruka

Mwaka wa pili kampasi, kabla sijaacha masomo, niliandika msimbo wa Java ulionifanya nijione mnoma. Nilikuwa na objekti mbili: fomu ya mwanafunzi na rekodi yake. Badala ya kunakili sifa moja moja, jina, simu, anwani, nilitumia rifleksheni. Yaani programu inajikagua yenyewe ikiwa kazini: hapa kuna sifa gani? Na kule? Jina na aina zikilingana, nakili. Sifa ikikosa mwenzake, ruka.

Mistari kumi na kitu, kazi imeisha.

Shida ilikuwa hapo kwa "ruka". Upande mmoja nilikuwa nimeandika simu, upande wa pili nambariYaSimu. Programu haikulalamika hata kidogo. Ilimaliza kazi vizuri, na kila rekodi ikabaki bila nambari. Niligundua siku tatu baadaye.

Siku hizi mathe hunipigia kila Jumapili. Umekula? Nimekula. Huko kumenyesha? Sana. Kanisa ulienda? Nilienda. Yanayolingana yanapita.

"Na kumaliza ni lini, baba?"

Hapo mtandao huanza kusumbua.

Ule msimbo niliurekebisha kwa mistari miwili tu. Sifa ikikosa mwenzake, programu isimame na iitaje kwa jina, hata kama kila kitu kitakwama.

Leo ni Ijumaa. Nimenunua kredo ya kutosha. Safari hii nitapiga mimi.