Katika Mlango wa Kiingereza

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, wakati mvua za masika zilipokuwa zimeufunika mlima wa Lupanga hata usionekane siku tatu, mwanafunzi mmoja wa Kichina alibisha hodi nyumbani kwangu mjini Morogoro akiwa na ombi lililonitia haya. Aliomba nimsaidie kujitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ambao vyuo vikuu vingi vya Ulaya humtaka mgeni asiyekulia katika Kiingereza aufanye kabla ya kufunguliwa mlango. Haya yangu ilikuwa na sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Tasnifu yangu ya udaktari niliiandika kwa Kiswahili, na riziki yangu naitafuta kwa Kiswahili. Sababu ya pili sikumwambia siku ile. Mtihani huo niliufanya mimi mwenyewe mwaka 2011, nao ulinirudisha.

Jina la binti huyu silitaji, maana hakunipa ruhusa. Alizaliwa katika jimbo la Henan, akasoma kilimo Beijing, kisha akaja kwetu kuchunguza jinsi mahindi na soya zinavyokua pamoja katika shamba moja. Wilayani Kilosa, katika kijiji cha Peapea, Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kilianza mwaka 2011 kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda mahindi kwa nafasi zilizopimwa na kupalilia kwa wakati wake, na tangu hapo kijana wa Kichina mwenye daftari si kioja tena katika njia ya Kilosa. Huko China Kiswahili kimefundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960, na Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Lakini yeye hakupitia mlango huo. Kiswahili chake alikiokota shambani, kwa wanawake waliompokea. Alijua palizi, mbelewele, magunzi, na majina ya wadudu ambao mimi siwajui hata kwa sura. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu" huku akikunja goti kidogo kama alivyofundishwa, nami nikamwita mwanangu tangu siku ile.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuuonja mtihani huu, nitaueleza kwa ufupi. Una sehemu nne. Kusikiliza huchukua dakika kama 30, na maswali yake ni 40; kusoma huchukua dakika 60, na maswali ni 40 vilevile; kuandika huchukua dakika 60, na mtahiniwa hutakiwa kutoa maandishi mawili, la kwanza la maneno yasiyopungua 150 na la pili yasiyopungua 250. Mwisho ni kuzungumza, dakika 11 hata 14, mbele ya mtahini mmoja. Hapo mtahiniwa hupewa kadi yenye jambo la kusimulia, hupewa dakika moja ya kufikiri, kisha husema peke yake hadi dakika mbili. Alama ni kuanzia 0 hata 9, nazo huhesabiwa kwa nusu nusu. Chuo alichokitaka binti huyu kilidai 6.5 katika kila sehemu, isiwepo hata moja iliyopungua. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana ndiyo niliyodaiwa mimi pia.

Kusikiliza na kusoma havikumtisha. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu nchini kwao, Kiingereza huchukua alama 150 katika jumla ya 750, na alinieleza jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiamka alfajiri, wakasimama uwanjani na vitabu, kila mtu akisoma Kiingereza kwa sauti yake, mamia ya sauti kwa pamoja, asiwepo anayemsikiliza mwenziwe. Taabu yake ilikuwa kuzungumza na kuandika. Basi tulipatana kukutana kila Jumamosi barazani kwangu, wakati akina mama wa Kiluguru wanaposhuka mlimani na beseni za stroberi na mikungu ya ndizi kwenda sokoni.

Jumamosi ya kwanza nilimwandikia kadi: simulia habari za mtu aliyekufundisha jambo. Akasimulia habari za jirani yao mzee aliyemfundisha kupanda baiskeli. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji, bila kusita na bila kuvuta pumzi, nami nikamsifu. Jumamosi ya pili kadi ilitaka habari za safari. Jirani yule akatokea tena, safari hii akimsindikiza kwa baiskeli. Jumamosi ya tatu kadi ilikuwa ya zawadi. Msomaji ameshatambua ni nani aliyetoa zawadi hiyo, na ilikuwa zawadi gani.

Nilipomwuliza alinieleza pasipo kuficha. Watahiniwa wa kwao hukusanya maswali yaliyokwisha kuulizwa, kisha hutunga visa vichache vinavyoweza kufungua kila kufuli. Jirani yule hakuwapo duniani. Nilimkemea, nikamwambia kuwa watahini wamefunzwa kutambua maneno yaliyokaririwa na kuyapunguzia alama. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema kwamba kwao mtihani wa dola wa kuchagua maofisa ulidumu miaka kama 1,300, hata ukafutwa mwaka 1905, na kwamba katika karne za mwisho insha yake ilikuwa na umbo lililoitwa miguu minane, ambalo mtu hakuthubutu kulivunja. "Mwalimu," alisema, "mtihani ni mlango. Mlango una umbo lake. Mtu akitaka kupita, hujipima na mlango. Hauombi mlango umpime yeye."

Nilitaka kumjibu, lakini nilikumbuka midahalo ya shule yetu ya sekondari miaka ya 1990. Nasi tulikuwa na kisa chetu cha kila kufuli: salamu kwa mwenyekiti, salamu kwa katibu, salamu kwa mtunza saa, kisha sentensi tatu tulizorithi kwa kidato kilichotutangulia, ambazo maana yake hatukuijua vizuri. Aliyezitamka bila kukosea alipigiwa makofi. Aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akikosa naye amvishe. Nilikivaa kibao kile mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Kazi ya kumsahihisha ilinifunza zaidi kuliko ilivyomfunza yeye. Makosa yake, nilipoyatazama, yalikuwa makosa yangu. Kichina katika kusema hakimtengi mwanamume na mwanamke. Wote ni "ta", na hata katika maandishi walianza kuwatenga mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Nasi wote ni yeye. Kwa hiyo alipomsimulia mama yake kwa Kiingereza, mama alikuwa mwanamke katika sentensi ya kwanza na mwanamume katika ya pili, nami mwalimu sikushtuka kwa kuwa sikio langu halikuona ajabu. Kichina hakina vijineno "a" na "the", wala Kiswahili hakina. Tulikuwa vipofu wawili tukigombania rangi ya kanga. Mara nyingine nilimwekea "the" kwa ujasiri, naye akaniuliza kwa nini, nikajibu kuwa ndivyo isemwavyo, jibu ambalo nisingelikubali kwa mwanafunzi wangu yeyote wa sarufi ya Kiswahili.

Lakini katika mambo mawili Kiswahili kilimfaa. Sauti ya "th" haimo katika Kichina cha Beijing, naye aliitamka kama "s" miaka yote ya shule. Nilimwambia aseme thelathini, kisha dhahabu. Akazisema barabara, maana kijijini alikuwa akihesabu mashimo ya mbegu hata thelathini kila siku. Nikamwambia achukue ulimi ule ule aupeleke katika Kiingereza, na jioni ile sauti iliyomshinda miaka kumi ikamtii. Na jambo la nyakati: kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa jana wala kesho, hata akaona nyakati za Kiingereza ni usumbufu wa bure, lakini alikuwa amekwisha kuzoea -li-, -na- na -ta-, akatambua kuwa kitenzi chaweza kubeba saa ndani yake.

Siku moja ya Julai niliifunika kadi nikamwuliza kwa Kiswahili: ni nani hasa aliyekufundisha jambo, hapa kwetu? Akafikiri kitambo. Akasema ni mama mmoja wa kijijini. Walikuwa wamempimia shamba kwa kamba yenye mafundo, kila fundo shimo. Lakini katika pembe moja mama yule alikataa kamba, akapanda mtama kwa mkono kama alivyopanda siku zote. Binti aliandika katika daftari kwamba mkulima hajaelewa. Mwaka ule mvua zilichelewa. Miezi ya dhiki ilipofika, alikaribishwa chakula nyumbani kwa mama yule, akala ugali wa mtama, akauliza umetoka wapi, akaonyeshwa pembe ile. "Nilirudi nikafuta neno lile," alisema. "Lakini nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino, kwa hiyo bado laonekana."

Alisema dakika nne bila kujua. Nikamwambia, sasa lete hayo hayo kwa Kiingereza. Alianza, akakwama kwenye neno la mtama, akamfanya mama mwanamume, akarudi, akamfanya mwanamke, akashindwa kuupata wakati wa jambo lililoandikwa kabla ya jambo lingine kutokea. Kilikuwa Kiingereza kilichovunjika, na hakika sijapata kumsikia akisema Kiingereza kizuri kuliko kile. Walakini nilikuwa mwalimu wa mtihani, na swali lilinikaa kooni: nimpeleke Dar es Salaam na baiskeli ya jirani, inayokwenda bila kusimama, au na pembe ya mtama, inayojikwaa kila hatua? Nilimwambia achukue mtama. Usiku ule sikulala vizuri. Si alama zangu zilizokuwa hatarini.

Alikwenda mwezi wa Oktoba kwa treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka ule. Safari ya chini ya saa mbili. Mimi mwaka 2011 niliondoka Msamvu kwa basi usiku ili nisichelewe asubuhi. Majibu yalipotoka aliniletea kwa mkono. Kusikiliza 7.5. Kusoma 8. Kuzungumza 6.5. Kuandika 6.

Nilizitazama tarakimu hizo kwa muda mrefu. Katika kuandika, mimi ndiye niliyemwongoza, na nilijua nilivyomwongoza. Nilimfunza kuanza mbali, kulizunguka jambo, kumkaribisha msomaji kabla ya kumpa neno lenyewe, kama tufanyavyo katika insha zetu na kama nifanyavyo hapa. Mtihani ule hutaka neno lenyewe mbele, na dakika 40 zinazofaa kutengwa kwa insha ya maneno 250 hazina nafasi ya kukaribisha wageni. Kumliwaza, nilimwambia kwamba mtihani mkuu wa Kiingereza wa Cambridge ulipofanywa mara ya kwanza, mwaka 1913, watahiniwa walikuwa watatu, walikaa saa 12, na wote watatu walishindwa. Alicheka kidogo. Ndipo nikamwambia la pili: kwamba nami nilipata 6 katika kuandika, mahali palipotakiwa 6.5.

"Uliporudia ulipata ngapi, Mwalimu?"

Nikamwambia sikurudia.

Akaniuliza kwa nini, nami nikafungua kinywa kutoa jibu ambalo nimelitoa miaka mingi, katika makongamano na mbele ya wanafunzi: kwamba nilichagua kubaki nyumbani na kusoma kwa lugha yangu, kwa kuwa mtu mzima hakopi kinywa cha mwenziwe. Ni jibu zuri, na mara nyingi limepigiwa makofi. Lakini binti huyu alikuwa ameniambia habari ya neno lililofutwa ambalo bado laonekana, na barazani pale jibu langu lilinitoka kinywani likiwa na umbo la baiskeli. Nililikatiza. Nikamwambia kwamba ada ya mtihani ilikuwa imemaliza akiba yangu, kwamba niliogopa kupata 6 mara ya pili, na kwamba mapenzi yangu ya Kiswahili, ambayo ni ya kweli na yalikuwapo kabla, niliyatumia kama blanketi la kuifunika barua ile. Kiswahili hakikustahili kazi hiyo.

Hakusema neno la busara, nami nashukuru. Alisema tu, "Pole, Mwalimu," kama wasemavyo kijijini mtu anapojikwaa, kisha akafungua mkoba wake. Alikuwa amekwisha kujiandikisha tena kwa mwezi wa Novemba. Alikuwa na insha mpya, ameiandika usiku uliopita, dakika 40 kwa saa ya mkononi: je, wakulima wafuate wataalamu au wafuate desturi? Hoja yake ilisimama katika mstari wa kwanza, wazi, bila kuzunguka. Katika aya ya pili kulikuwa na pembe ya shamba na mtama.

Nilichukua kalamu nyekundu nikasoma taratibu. Nilimrudisha mama kuwa mwanamke mara moja. Nikafika mahali alipoandika habari za mvua, ameiwekea "the" mbele yake. Nilisoma sentensi ile kwa sauti, mara ya kwanza nikiwa na "the", mara ya pili sina. Mawingu yalikuwa yakishuka tena juu ya Lupanga. Nilimwuliza, "Ulikuwa na maana ya mvua yoyote, au mvua ile?"

"Ile," akasema. "Ile ambayo ilichelewa."

Nikaiacha kama ilivyo, nikaendelea na mstari uliofuata.