Usiipite Ilesi bila kushuka

Msomaji, ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, ukishaiacha Khayega, tazama kando ya barabara. Utaona vyungu vimepangwa safu safu: vya mboga, vya maji, vya maua, na vile vikubwa vya busaa. Hapo ndipo Ilesi. Wasafiri wengi huvitazama kupitia dirisha la matatu tu, wakaenda zao. Safari hii shuka, wewe na watoto.

Wasalimie akina mama, "Mulembe!" Kisha mwombe mmoja wao akutembeze, nawe umlipe kwa muda wake. Usianze na bei. Anza na udongo.

Udongo huchimbwa mabondeni, ukabebwa hadi nyumbani, ukatolewa mawe, ukapondwa na kukandwa. Mara nyingi hutiwa mchanga au magae yaliyosagwa ili chungu kistahimili moto. Wengi hawatumii gurudumu. Mama huviringisha udongo kama kamba nene, akaupandisha duara juu ya duara, huku akilainisha kwa mkono. Baadaye chungu huwekwa kivulini siku kadhaa, maana jua kali hukipasua.

Kisha huja siku ya kuchoma. Vyungu hurundikwa uwanjani, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, moto ukawashwa. Hapo mfinyanzi hana raha. Chungu chenye unyevu uliofichika hulia "pa!" na jasho la siku nyingi likawa magae. Muulize mwenyeji wako ni vingapi vilivyompasukia mara ya mwisho.

Sasa rudi barabarani ukaulize bei. Je, bado una hamu ya kuikata nusu? Sisi watu wa mjini hununua sufuria dukani bila kufungua kinywa, lakini mbele ya mama wa vyungu tunageuka mabingwa wa kupatana. Si ajabu wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni.

Wala usidhani kazi hii ni ya kizamani. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, pia hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu. Kazi zake zimo katika British Museum, London. Huko watu huzitazama kwa heshima, na hakuna anayeomba apunguziwe.

Kabla ya kuondoka, mwombe mwenyeji wako akuonyeshe Ikhonga Murwi, lile Jiwe Linalolia. Ni mwamba mrefu mfano wa kichwa kilichoinama juu ya mabega, na maji huutiririka kama machozi. Watoto wataupenda.

Lakini kwanza waache wachafue mikono. Mwombe mama awape donge moja wajaribu kufinyanga. Wakishindwa kusimamisha hata kikombe, watajua thamani ya chungu kuliko kwa hotuba yako. Udongo, wanasema, uwahi ungali maji.