Sauti na Uwanja Wake

Katika mwaka wa 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta. Nyimbo za wenyeji ziliingia katika pembe moja. Aliyeongoza mbele na walioitikia nyuma wakasikika kama waliosimama mahali pamoja. Tena nta ilichakaa kila ilipochezwa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwalimu mmoja mstaafu wa Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, alidhani hasara hizo mbili zimekwisha. Mwanawe alikuwa amenasa ngoma ya sindimba kwa maikrofoni tano zilizouzunguka uwanja, akaihifadhi katika faili za FLAC, ambazo hupunguza ukubwa bila kutupa chembe ya sauti. Kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyokuwa seva: iliipeleka sauti sebuleni, ambako spika tano ziliuzunguka mkeka.

Jioni ya kwanza ngoma zote zililia mbele. Nyuma palikuwa kimya. Mzee alisikitika, maana miongoni mwa waitikiaji wa nyuma alikuwamo dada yake, aliyefariki dunia baada ya ngoma ile.

"Baba, sauti hazikupotea," kijana alisema. "Zimebanwa njiani."

Seva iliona kwamba runinga haiwezi kupokea mikondo mitano, ikaikunja kuwa miwili na kuipunguza ili ipite. Ilikuwa kama mjumbe mwenye nia njema afupishaye salamu kwa kuogopa kumchosha mpokeaji. Kijana aliikataza kubadili lolote, akaunganisha kisanduku cha kupokelea moja kwa moja na amplifaya kwa waya wa HDMI. Kisha akaweka nakala ya asili katika diski ya pili, kwani faili iliyokwisha kupunguzwa haiponi kwa kugeuzwa kuwa kubwa, lililotupwa halirudi.

Ngoma ikachezwa upya. Waitikiaji walipopokea, mzee aligeuza shingo upesi, kama mtu aliyeitwa, akakuta ukuta. Alinyamaza kitambo. Wimbo ulipozunguka mara ya pili, aliitikia pamoja nao kwa sauti ya chini, na mwanawe, ambaye hakupata kuyajifunza maneno yale, akaanza kuyafuata.

Uaminifu wa mashine ni kufikisha ilichopewa. Kuitikia ni wajibu wa walio hai.