Mashoka ya Mawe ya Olorgesailie

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Magadi huipita milima ya Ngong, kisha barabara huteremka kwa kupinda-pinda mpaka Bonde la Ufa. Baridi huachwa juu. Huku chini ni jua kali, miiba, na ng'ombe wa Wamasai wakitimua vumbi. Baada ya kilometa 70 hivi huonekana Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani, na karibu yake makorongo ya udongo mweupe kama chokaa. Udongo huo ulikuwa chini ya maji ya ziwa ambalo limekwisha kukauka. Hapo yametapakaa mashoka ya mawe kwa mamia, na watazamaji huyaangalia kutoka juu ya daraja, wasije wakayakanyaga.

Asiyeambiwa atadhani ni mawe ya kawaida. Lakini akitazama vema ataona kwamba mengi yana umbo moja, kama jani au chozi: mapana upande wa kushikia, yamechongoka upande wa pili, na kuchongwa nyuso zote mbili. Mpini hayakuwa nao.

Fundi alitwaa jiwe gumu la volkano, akaligonga ukingoni kwa jiwe jingine mpaka kibanzi kikaruka. Akaligeuza, akagonga tena, na tena. Pigo moja baya laweza kulivunja jiwe katikati, na kazi yote ikapotea bure. Vibanzi navyo havikuwa takataka, kwa maana kibanzi kipya hukata nyama na ngozi barabara. Mkulima ajuaye thamani ya panga kali hatalidharau jambo hilo. Huko Uingereza, mahali paitwapo Grime's Graves, watu wa miaka 4,500 hivi iliyopita walichimba mashimo ya zaidi ya mita 10 wakilitafuta jiwe la gumegume. Mafundi wa Olorgesailie hawakuwa na taabu hiyo: mawe mengi waliyapata mlimani, karibu na maskani yao.

Bwana J. W. Gregory aliviona vyombo vya mawe huku mwaka 1919. Mwaka 1942 Bwana Louis Leakey na mkewe Mary waliyakuta mashoka yenyewe, na katika kuchimba walisaidiwa na mateka wa vita wa Kitaliano. Mahali hapo palifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1947. Mashoka ya kale zaidi yana miaka kama 1,200,000, na ya mwisho miaka kama 500,000. Katika muda huo mrefu wa kutisha, umbo la shoka lilibadilika kidogo tu.

Kisha mambo yakageuka. Katika udongo wa miaka 320,000 hivi iliyopita, mashoka makubwa hayapo tena; kuna vyombo vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, na baadhi yake ni vya lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Jiwe hilo halipatikani hapo. Wataalamu walilipima, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba lilitoka milima iliyo mbali, kilometa 25 mpaka 95. Wao huona hapo dalili kwamba watu wale walikuwa na jirani wa mbali, nao wakibadilishana mali.

Hayo yote yamejulikana kwa sababu jiwe lilikutwa pale lilipoachwa. Mahali pamoja vyombo vilikutwa pamoja na mifupa ya ndovu wa aina isiyokuwapo tena duniani, na hivyo ikajulikana kwamba alipasuliwa hapo. Shoka likitiwa mfukoni na kupelekwa nyumbani liwe pambo la meza, halitasema tena lilikuwa katika tabaka gani, wala kando ya mifupa gani. Sheria ya Kenya hukataza kuyachukua, lakini makorongo ni mengi na walinzi ni wachache. Nayo mvua kila mwaka humega kingo, ikafichua mashoka mengine ambayo hayajaguswa na mkono tangu mwenyewe alipoyatupa.