Kuhesabiwa Ugenini, Kuhesabiwa Nyumbani

Mwanafunzi wangu mmoja amepata ufadhili wa kwenda kusoma Hispania. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuniaga, akauliza swali ambalo kila msafiri huuliza: "Mwalimu, nijiandae kwa lipi?" Nilimtajia koti zito, kamusi na akiba ya kumtosha miezi miwili ya mwanzo. Alipoondoka nikatambua kwamba nimemjibu nusu tu. Nusu iliyobaki ninaiandika hapa, kwa sababu haimhusu yeye peke yake. Inawahusu pia wanaokaa nyuma ya madirisha ya ofisi zetu na wanaosimama mbele yake.

Nilikwenda Madrid kwa masomo ya uzamivu nikiwa nimekwisha kupita miaka thelathini, mtu mzima mwenye familia, niliyezoea kuitwa mwalimu. Nilizaliwa Ngana, wilayani Kyela, ambako mvua za masika zikishika, mtu hupima safari kwa kina cha tope na si kwa kilometa. Niliamini kwamba shida za ugeni ni lugha na baridi. Kumbe ugeni huanzia tumboni.

Wahispania hula chakula cha mchana saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au saa nne. Saa sita na nusu mimi nilikuwa nimesimama mbele ya migahawa ambayo jiko lake bado halijachangamka. Saa saba mchana watu waliendelea kunisalimu "buenos días", salamu ya asubuhi, nami nikidhani ninataniwa. Kwao asubuhi haiishi mpaka mtu awe amekula. Mwezi Juni mambo yaliharibika zaidi, kwa maana jua la Madrid huzama saa nne kasoro usiku. Nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba huku ni saa tatu usiku na jua bado linawaka. Kwake ilikuwa saa nne, giza totoro. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninakula vizuri.

Baadaye nilijifunza sababu. Mwaka 1940, chini ya utawala wa Jenerali Franco, Hispania ilisogeza saa zake mbele ili zilingane na za Ulaya ya kati, na haikuzirudisha. Nchi ambayo kwa mahali ilipo ingehesabu saa pamoja na Uingereza inahesabu pamoja na Ujerumani. Hata njaa yangu ya saa sita, basi, ilikuwa na historia ya kisiasa.

Chakula chenyewe nilikizoea taratibu. Mchele wao ni mfupi na mnene, hunyonya mchuzi vizuri, lakini mimi ninatoka mahali ambapo jirani hujua umepika wali kwa harufu tu. Kilichonishinda kukizoea kilikuwa kikombe cha chokoleti. Asubuhi za baridi watu wa Madrid hunywa chokoleti nzito kama uji, wakichovya churros, yaani vijiti vya unga wa ngano vilivyokaangwa katika mafuta. Marehemu baba yangu alilima kakao. Alipasua maganda, akavundika mbegu, akazianika, akapeleka gunia kwenye mzani na kupokea bei aliyotajiwa. Sikumbuki hata siku moja nikimwona akionja kilichotengenezwa kwa zao lake. Nilikunywa kikombe kile polepole mno, mhudumu akaja kuniuliza kama kuna kasoro.

Lugha, niliyoiogopa kuliko vyote, ndiyo iliyonipokea kwa wema. Meza ni mesa, bendera ni bandera. Wareno waliotuachia maneno hayo pwani ni majirani wa Wahispania. Sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, na "hata" yetu imo ndani ya "hasta", kwa kuwa Kiarabu kilichopita Mombasa na Unguja kilikuwa kimekwisha kukaa Rasi ya Iberia kwa karne nyingi, tangu mwaka 711. Neno lililonigusa zaidi ni fulano. Maana yake ni ileile ya fulani kwetu: mtu ambaye yupo, ila jina lake halitajwi, ama kwa sababu halijulikani, ama kwa sababu halina umuhimu kwa msemaji.

Nikawa fulano. Katika desturi ya Hispania kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza kwa kawaida la baba na la pili la mama. Mimi nilifika na majina matatu kwa mpangilio wetu: langu, la baba, kisha la ukoo, lile linaloanza na Mwa- ambalo humtambulisha Mnyakyusa popote. Pasi ilionyesha wazi lipi ni lipi, lakini mazoea yana nguvu kuliko maandishi. Mtu mmoja aliyeniandikisha alilichukua jina la baba akalifanya la ukoo, na jina la ukoo akalisukumia upande wa mama. Kosa hilo lilihama kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Kuna mahali nilisubiri karibu saa nzima nikisikia jina la marehemu baba yangu likiitwa, nisijue kwamba anayeitwa ni mimi.

Kisha nikaambiwa nikajiandikishe kwenye padrón. Ni daftari la wakazi linalotunzwa na manispaa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1985 inamtaka kila anayeishi Hispania ajiandikishe katika manispaa anamokaa. Nilikwenda nimebeba bahasha nene: barua ya chuo, barua ya ufadhili, vyeti, hata picha za ziada, kwa kuwa nimelelewa katika utamaduni wa kurudishwa. Karani alichukua pasi na mkataba wa chumba, vingine akanirudishia. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini wala nitaondoka lini. Aliuliza ninaishi wapi. Baada ya dakika chache nikawa nimeshika karatasi yenye jina langu, safari hii limeandikwa sawasawa, na anwani yangu.

Nilidhani nimebebwa na kibali cha mwanafunzi. Rafiki yangu kutoka Senegal, tuliyefahamiana mtaa wa Lavapiés, alinisahihisha. Yeye hakuwa na kibali chochote, lakini alikuwa kwenye daftari hilohilo. Manispaa haiandiki nani ana haki ya kuwapo nchini. Inaandika nani yupo. Suala la kibali lina mlango wake na maofisa wake. Manispaa inataka kujua kuna watu wangapi wanaotumia maji yake, watoto wangapi watahitaji madawati, wagonjwa wangapi watafika zahanati.

Nisieleweke kwamba ninaisifu Hispania kama pepo. Mwaka 2012 serikali yao iliwaondolea wahamiaji wasio na vibali haki ya matibabu ya kawaida, ikawabakishia dharura, uzazi na watoto. Ilichukua mpaka 2018 haki hiyo kurejeshwa. Machi 15 ya mwaka huohuo, Mame Mbaye, mchuuzi wa barabarani kutoka Senegal, alianguka akafa palepale Lavapiés, na usiku ule mtaa ukawaka kwa hasira. Alikuwa ameishi Hispania zaidi ya miaka kumi bila kupata kibali cha ukazi. Kuhesabiwa si sawa na kupokewa. Ila asiyehesabiwa hana hata pa kuanzia kudai.

Siku niliyopewa karatasi yangu sikwenda moja kwa moja maktaba. Nilikaa kwenye benchi la bustani, na aliyenijia akilini alikuwa mama mmoja wa kule kwetu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapata kibarua cha siku chache cha kuandika majina ya watu katika daftari. Mama yule, umri wa bibi yangu, alifika mezani kwangu amefunga kitenge, mkononi ameshika kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nyingi. Kinyakyusa chake kilikuwa na lafudhi ya Kingonde, lugha ya Karonga ng'ambo ya Mto Songwe, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kinyakyusa. Watu wa pande mbili huelewana bila mkalimani, huoana na kuzikana. Nilimuuliza alizaliwa wapi. Akanitajia kijiji. Nikamwambia hicho kiko Malawi.

"Mwanangu," akasema, "mto ndio uliohama. Mimi sikuhama."

Nilicheka. Wenzangu nao wakacheka. Nikamwambia arudi na uthibitisho. Hakurudi.

Nilijua vizuri alichokisema. Songwe ndio mpaka, na mafuriko yakija hubadili mkondo. Shamba hulala Tanzania likaamka ng'ambo. Tatizo hilo ni la kweli kiasi kwamba serikali za Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa kuendeleza bonde la mto huo, na mojawapo ya malengo yake ni kuutuliza mto katika kingo zake. Nilikua nikisikia hadithi hizo jikoni. Lakini siku ile nilikuwa upande wa meza wenye kalamu, na kalamu ilinisahaulisha jikoni.

Sisemi kwamba mama yule alikuwa raia. Huenda sheria ingemkatalia. Ninachosema ni kwamba nilimuuliza maswali mawili kana kwamba ni moja. Swali la kwanza ni: unaishi hapa? Hilo angelijibu mwenyekiti wa kitongoji, jirani, au mgomba alioupanda. Swali la pili ni: wewe ni raia? Hilo lina sheria yake, ushahidi wake na watu waliofunzwa kulishughulikia. Mimi, kijana wa kibarua, niliyachanganya, na kwa kumnyima jibu la pili nikamfutia na la kwanza.

Mchanganyo huo haukuisha na ujana wangu. Mwananchi wa mpakani, iwe Kyela, Ngara au Tarime, anajua kwamba huduma ndogo kabisa inaweza kugeuka kesi ya uraia mbele ya dirisha. Anaulizwa babu yake alizikwa wapi. Lafudhi yake inatumika kama ushahidi. Matokeo yake ni kwamba wapo wanaochagua kutoandikwa popote, na kijiji kinapanga madarasa na dawa kwa hesabu pungufu. Wanaohofia usalama wa mipaka wana hoja ya haki. Lakini dola isiyowajua wanaoishi ndani yake hailindi mpaka. Inajifunga kitambaa machoni.

Pendekezo langu ni dogo. Viongozi wa vitongoji na vijiji tayari hutunza orodha za kaya na wakazi wao. Tuzifanye orodha hizo ziwe za ukazi tu, zisiwe mtego. Aandikwe kila anayelala pale, na swali la uraia libaki kwa wanaohusika, kwa utaratibu wenye rufaa. Nanyi watumishi wa umma mnaonisoma, mkiwa mbele ya mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo, mwulizeni kwanza anaishi wapi. Msikilizeni mpaka amalize.

Nilipomaliza masomo nikarudi, nilikwenda Ngana kumtafuta mama yule. Nilitaja sura, kitenge na maneno yake, lakini jina sikuweza kulitaja, kwa sababu siku ile sikuliandika. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa upole: "Wako wengi wa namna hiyo, mwalimu. Unamtafuta nani hasa?"

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, beba koti. Jifunze kula saa nane. Na siku utakapoitwa kwa jina lisilo lako mbele ya watu, kumbuka jinsi linavyouma, urudi nalo nyumbani. Utakuja kupewa kalamu siku moja.