Tulivyopanda Mtumbwi Kwenye Chanzo cha Nile

Mwezi huu familia tano tulipanda taksi kutoka Kampala mpaka Jinja, kama kilomita 80, kuona mto Nile unavyotoka Ziwa Victoria. Pale wageni wengine hupiga kasia wamesimama juu ya ubao, kiongozi akiwa mbele. Sisi tulichukua mtumbwi.

Akina mama wa Ituri walisita. Nani kasahau Machi 2014, mashua iliyojaa wakimbizi waliokuwa wanarudi Kongo ilipozama Ziwa Albert, wakafa watu zaidi ya 100? Kiongozi hakutuharakisha. Alimvika kila mtu jaketi la kuokolea, wakubwa kwa watoto, akakaza mikanda, akatuhesabu, ndipo akasukuma.

Mbele kidogo alituonyesha maji yanabubujika kutoka chini: ni chemchemi. Maji hayo yatapita Ziwa Albert, Nimule, Juba na Khartoum mpaka Misri, kwa miezi mitatu hivi. Watoto wakayaambia, "Mtusalimie nyumbani!" Sie wakubwa tukanyamaza.

Jamani, mwenye mashua akisema jaketi zimeisha, mwambieni na safari imeisha.