Risiti si ya kufungwa kwenye kitenge

Kazi yangu ya kuandika habari za afya hunipeleka mara kwa mara kwenye zahanati za Kibondo na Kasulu. Huko huwaona akina mama wanavyoitunza kadi ya kliniki ya mtoto: imevalishwa nailoni, haiguswi ovyo. Lakini risiti ya mzigo wa duka linalomlisha mtoto huyohuyo utaikuta kwenye pindo la kitenge, imekunjwa pamoja na chenji.

Mama yangu mdogo ana kiduka Kibondo. Kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, hutozwa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi Sh4 milioni. Akiuza Sh5 milioni, ni Sh30,000 tu. Hiyo Sh70,000 inayobaki ni madaftari na sare za shule.

Kwa baba mdogo mambo ni mazito zaidi. Yeye hununua maharage vijijini na kuyapeleka Kasulu, na mauzo yake yalishavuka Sh100 milioni. Hapo kodi hutozwa kwenye faida, baada ya kutoa gharama za biashara: magunia, stoo, usafiri. Mwaka jana mhasibu alipomwomba karatasi za lori, zilipatikana mbili kwa safari 11. “Madereva wote wananijua,” alisema. Ni kweli wanamjua, ila anayepinga makadirio ya kodi ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Sh6 milioni alizolipa kweli zikahesabiwa kama faida, na kwa ngazi ya juu ya asilimia 30, hiyo ni Sh1.8 milioni. Ada ya binamu yangu ilipatikana baada ya ng'ombe wawili kuuzwa.

Kusema “dai risiti” ni rahisi ukiwa ofisini. Mpakia magunia wa Makere hana mashine ya EFD. Kwa malipo kama hayo, wekeni daftari: tarehe, jina, simu, kazi, kiasi na sahihi au dole gumba. Mkilipa kwa simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Daftari halina uzito wa risiti ya mashine, lakini linaonekana. Kumbukumbu ya kichwani haionekani.

Risiti ya mashine nayo ina ugonjwa wake. Haiandikwi kwa wino bali kwa joto, kwa hiyo ikikaa juani au karibu na jiko hufifia mpaka ikabaki karatasi nyeupe, wakati sheria ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano. Ipige picha siku hiyohiyo kwa simu hiyo unayosomea hapa, kisha toa kivuli.

Na unga wa nyumbani, ada au dawa ya mtoto si gharama za duka, hata kama vilinunuliwa safari moja na mzigo. Viandikiwe risiti yake.

Juzi nilimsindikiza mama mdogo kununua mzigo Kasulu. Muuzaji akamwambia bila risiti atampunguzia.

“Nipunguzie, mwanangu,” akamjibu, “na risiti uandike, uweke na TIN yangu.”